Stoo ya Jezi na Madaktari Wasiojua Kukimbiza Mtu

Siku yangu ya kwanza kazini nilifika na mtoto mgongoni, nimekasirika. Jirani yangu wa mtaa wa Downsview, hapa Kanada, aliyeahidi kumshika Aneti, miezi saba tu, alikuwa amezima simu. Nilikuwa nimetoka kuacha kazi ya ghala la mizigo kule Malton, ambako zamu hubadilishwa leo kwa leo, na ukisema una mtoto unaangaliwa kama umesema una kipindupindu. Kwa hiyo nilipoingia stoo ya michezo ya chuo cha udaktari nilishajiandaa kufukuzwa, na matusi yangu nilikuwa nayo tayari.

Mkuu wa stoo, Mzee D'Mello, Mgoa aliyezaliwa Nairobi, alimtazama mtoto, akanitazama mimi.

“Huyo anapoteza soksi?”

“Hapana, mzee.”

“Basi amewashinda wachezaji wangu. Mlaze pale kwenye jezi safi. Wewe njoo nikufundishe kichwa.”

Kichwa maana yake kofia ngumu. Mpira wa Kanada si ule wetu wa miguu. Unabebwa mkononi, watu kumi na wawili kila upande, wanagongana kama ng'ombe. Na anayewaambia ninyi mnaoanza kazi kwamba mtunza vifaa ni mfuaji tu, mwambieni anyamaze. Kofia inakaa vidole viwili juu ya nyusi. Unaishika, unaizungusha: ngozi ya paji ikienda nayo, imekaa. Kofia ikienda peke yake, huyo kijana utamuua. Damu kwenye jezi unaitoa kwa maji baridi. Ukitia ya moto umeipika humo humo. Niliyajua yote hayo ndani ya wiki mbili, Aneti akikoroma kwenye jezi.

Tatizo lilikuwa wachezaji. Walikuwa wanafunzi wa udaktari, na mtu akianguka, wa kwetu au wa wenzetu, waliacha mpira wakamzunguka. Mmoja anahesabu mapigo ya moyo, mwingine anauliza “Unaumwa wapi?”, wawili wanabishana jina la mfupa. Wapinzani wanapita na mpira, wanafunga, wanashangilia. Tulipoteza mechi zote hivyo.

Ndipo mkurugenzi wa michezo akashuka stoo, mama mmoja mwenye miwani ya kamba.

“Imebaki mechi moja,” alisema. “Wasiposhinda, timu naivunja. Hapa tutaweka baiskeli.”

Baiskeli! Mahali anapolala mwanangu! Ningerudi Malton, na Aneti angerudi kwa jirani mwenye simu iliyozimwa. Hilo sikulikubali. Siku ya mechi niliwapanga vijana mstari mmoja, mkono juu ya kofia.

“Leo hamgusi mgonjwa mpaka refa apulize filimbi. Apeni!”

“Mama Aneti, hata akivunjika?” aliuliza Arjun, beki wetu mkubwa kuliko mlango.

“Hata akifa.”

Waliapa. Mzee D'Mello alicheka mpaka akakaa juu ya kapu.

Tulicheza na wanafunzi wa udaktari wa meno. Dakika ya mwisho tulikuwa mbele kwa pointi nne. Mkimbiaji wao akauchukua mpira, na wakati huo huo mwenzake akaanguka nyuma yake, akapiga ukunga. Refa hakupuliza. Arjun alisimama. Akageuka. Akapiga magoti. Wakafuata wote kumi na mmoja.

“Arjun! Mpira! Mkimbize, mjinga wewe!” Nilipiga kelele mpaka Aneti akaamka mgongoni na yeye akaanza yake. “Mwache huyo! Mwache!”

Mkimbiaji alikuwa peke yake, hatua tatu kutoka mstari wa pointi sita. Akaangalia nyuma kuona nani anamfukuza. Hakuna. Akaona madaktari kumi na wawili wamemzunguka rafiki yake, wameinamisha vichwa. Akadhani amekufa. Akautupa mpira chini akarudi mbio analia, na muda ukaisha, tukashinda kwa pointi zetu zile nne.

Yule aliyeanguka alikuwa amekazwa na msuli wa kigimbi tu.

“Uliapa juu ya kofia ili iweje?” nilimuuliza Arjun.

“Mama, alilia.”

“Na mimi nilikuwa nalia!”

Mkurugenzi alitimiza neno lake, timu ikabaki. Baiskeli zilienda kwingine. Nilikaa pale misimu sita, Mzee D'Mello akastaafu, mimi nikashika funguo, mpaka Aneti alipoanza darasa la kwanza na mimi nikapata kazi ya mchana karibu na shule yake.

Sasa watu huniambia hadithi ile ina fundisho, kwamba huruma ndiyo iliyotushindia. Huwa wanaisema kwa sauti laini. Wao walikuwa na mahali pa kumlaza mtoto. Mimi nawaambia ukweli, ninyi mnaoanza kazi: mechi ile ikirudiwa kesho, Arjun atapiga magoti, na mimi nitamtukana vilevile.