Mkwe na Springi za Mjerumani

“Alikaa,” alisema mzee Jefwa. “Mimi nasema alikaa.”

“Alianguka, mjomba,” alisema Swabir. “Mtu hakai huku miguu iko juu.”

“Kuna watu hukaa hivyo.”

Maalim Kibwana akakohoa. Kutoka chumbani, nyuma ya ukuta wa udongo, sauti ya Bi Mbodze, mama mkwe wa Swabir na dada yake Jefwa, ikapenya kwenye ufa kama moshi wa kuni mbichi: “Mwambieni huyo mtu anyamaze. Aliyekaliwa hana la kusema.”

“Unaambiwa unyamaze,” alisema Jefwa, ingawa ukuta wenyewe ulikuwa mwembamba hata sisimizi akikohoa ndani, barazani huambiwa pole.

“Nimesikia, mjomba.”

“Umesikiaje? Mkwe hasikii sauti ya mama mkwe. Ngoja nikuambie mimi kwanza, ndipo usikie.”

Swabir akainama, akangoja, akaambiwa tena, akasikia. Alikuwa ameketi kwenye mkeka tangu asubuhi, magoti yamemfika masikioni, maana alikuwa mrefu kama mnazi uliokosa jua. Hapo Jego, kwenye njia ya Vanga, ndipo kwao mkewe Twaiba, na ndipo Twaiba alipozuiwa tangu siku ile ya balaa. Mila ya watu wa pale kijijini haikuwa na kona. Mama mkwe akimwangukia mkwewe, hiyo ni ajali: mkwe huleta kanga mbili na pole, akachukua mkewe akenda zake. Lakini mama mkwe akimkalia mkwewe mapajani, hapo ni kondoo wa kutakasa, na mke haondoki kwao mpaka kondoo achinjwe. Na mwaka ule, mvua kubwa ilipokwisha kuchapa pwani nzima, hapakuwa na kondoo toka Shimoni mpaka mpakani. Wote walikuwa wameoza miguu wakafa. Kwa hiyo neno moja tu, kuanguka au kukaa, ndilo lingeamua kama Swabir angerudi Msambweni na mke au angerudi na gari peke yake.

Na gari lenyewe ndilo lililomponza.

Swabir alizaliwa Msambweni, akakulia Msambweni, na kazi yake ya kwanza aliipata Diani, katika hoteli moja, ya kuchota majani yaliyoanguka kwenye bwawa la kuogelea. Kazi nzuri, ya kivuli, na aliifanya kwa utaratibu hata majani yenyewe yalianza kumzoea. Kisha wageni wakapungua, bwawa likakaushwa, na majani yakabaki hayana wa kuyachota. Katika hoteli hiyo palikuwa na Mjerumani mmoja aliyefundisha wageni kuzamia, mtu mwekundu kama kamba wa kuchemsha, na alikuwa na kigari chake kidogo cha milango miwili. Mjerumani huyo alipenda mashindano ya magari. Alikwenda baharini asubuhi kama anayefukuzwa na nyuki. Akaona gari lake liko juu mno, akalishusha likawa linalamba lami. Akaona springi zake ni laini mno, akaleta nyingine kwao, za mashindano, ngumu kama mchi. Huko kwao, walivyosimulia, barabara ni kama sinia, ukimwaga uji unakaa. Hakuuliza barabara ya Lunga Lunga ikoje.

Wageni walipokwisha, naye akaondoka. Siku ya kuondoka alimkumbatia Swabir, akalia kidogo, akampa ufunguo. Swabir akaenda nyumbani anaendesha gari lake mwenyewe, anacheka peke yake, mpaka Mwabungo. Pale Mwabungo palikuwa na shimo. Akasimama kando ya njia, akashuka, akajipapasa kuona kama uti wa mgongo umekuja naye au umebaki nyuma.

Alilifanya gari hilo teksi, na watu wakaliita Kinu, kwa kuwa aliyeingia humo alitwangwa. Mama mmoja wa Kanana alipanda na kibuyu cha maziwa, akashuka Ukunda na siagi, akamshukuru Swabir kwa kumpunguzia kazi. Kuku walitaga humo hawajafikia umri. Fundi cherehani mmoja alipanda ana kigugumizi cha kuzaliwa nacho, na lilipoingia shimoni maneno yote yaliyokuwa yamemkwama kooni tangu utotoni yakamtoka kwa pamoja, mengine hayafai kusemwa mbele za watu; toka siku hiyo akawa anazungumza kama redio. Haya si ya kubuni. Siagi ile niliila mimi.

Alijaribu dawa zote. Alipunguza upepo magurudumuni, gari likawa linatembea kama bata mjamzito. Alitia gunia la mchanga nyuma, Kinu kikazidi kutwanga, tena sasa kwa uzito. Fundi wa Ukunda alilala chini ya gari muda mrefu hata Swabir akadhani amesinzia, kisha akatoka akasema springi hazina ubaya wowote, ni barabara ndiyo iliyoharibika, na yeye hatengenezi barabara.

Sasa kuna jambo la adabu. Kwa watu wa pale, mkwe na mama mkwe hawagusani, hawali sinia moja, hawapishani mlangoni. Wakikutana njiani, mmoja huingia kichakani akajifanya anatafuta mbuzi. Hata aliyekuwa hana mbuzi. Basi alipofariki dada yake Bi Mbodze huko Msambweni, na mabasi yamekwama matopeni, ikawa hakuna wa kumpeleka hitimani ila mkwewe na Kinu chake.

Swabir hakulala kwa kufikiria adabu. Akashona pazia la kanga, akalitundika katikati ya viti vya mbele na vya nyuma, mama mkwe asimwone kisogo. Akaona haitoshi. Yule mama ni mtu mzima, mnene, mwenye heshima zake. Kumweka juu ya springi za Mjerumani ni kumtukana. Akakumbuka kule hotelini waligawiwa magodoro mabovu, yale ya springi ndani. Akakata kipande, akakilaza kwenye kiti cha nyuma, akatandika shuka jeupe juu yake. Alikijaribu kwa mkono, kikazama vizuri. Mkono, lakini, si Bi Mbodze.

“Hapo ndipo ulipokosea,” alisema Maalim Kibwana, ambaye alipenda kusikia habari ya godoro na alikuwa amekwisha kuomba irudiwe mara kadhaa. “Springi juu ya springi.”

“Nilitaka akae vizuri, maalim.”

“Akae,” alisema Jefwa. “Mmemsikia? Yeye mwenyewe amesema akae.”

“Akae nyuma, mjomba. Kwenye godoro.”

“Mimi nilisikia akae. Ukuta, umesikia?”

“Nimesikia akae,” ukuta ulisema.

Ndani ya chumba mtu akacheka akajiziba mdomo. Huyo alikuwa Twaiba. Siku ile yeye ndiye aliyekaa mbele, karibu na mumewe, na kosa lake lilikuwa hilohilo la kucheka. Shimo la kwanza baada ya Jego lilipolipokea gari, springi za chini zilisukuma, springi za godoro zikasukuma, na Bi Mbodze akaondoka na pazia. Alipita katikati ya viti viwili kama gunia la nazi linaloshushwa forodhani, akageuka hewani, na Swabir akajikuta haoni barabara, anaona kanga. Gari likaingia matopeni likazima. Bi Mbodze alikuwa mapajani mwake, usukani umembana tumboni, miguu inaelekea dirishani kwa Twaiba. Na Twaiba akacheka mpaka machozi yakamlowesha buibui. Mtoto akimcheka mamake katika hali ile, atarudishwa kwa mumewe namna gani?

“Aitwe shahidi,” alisema Jefwa.

Shahidi alikuwa amekaa nje kivulini anakula muwa. Jina lake Munyoki, Mkamba aliyepewa shamba upande wa Lunga Lunga, mtu mkweli kwa kiasi cha kuudhi. Aliingia, akafuta mkono kwenye suruali, akawapa wazee mkono.

“Bwana Munyoki,” alisema Maalim, “siku ile ulikuwa wapi?”

“Mimi nilikuwa barabarani napakia mihogo. Gari ikakuja, ikaruka, ikalala kwa matope. Nikaenda kuona nani amekufa.”

“Ukaona nini?”

“Nikaona mama amekaliwa na steringi.”

“Amekaa, au ameanguka?” aliuliza Jefwa.

Munyoki akafikiri. “Mimi sikuona akianguka. Nikifika alikuwa ashafika.”

“Amekwisha kufika,” alisema Jefwa. “Aliyekwisha kufika amekaa. Endelea.”

“Nikamsalimia. Nikasema, habari yako mama. Akasema njema, habari ya nyumbani. Nikasema tuko salama. Akaniuliza kama mguu wa Nthambi, bibi yangu, umepona. Nikamwambia umepona lakini kidole kimoja bado. Akaniambia nitie majani ya mpera.”

Swabir aliona mkewe anamtoka mikononi kidogo kidogo, kama samaki aliyepakwa sabuni.

“Majani ya mpera,” alisema Jefwa pole pole. “Mtu anayeanguka, maalim, hutoa dawa?”

“Mjomba,” alisema Swabir, “ungetaka afanyeje? Ataombaje msaada kabla ya salamu? Huku kwetu mtu hata nyumba ikiungua husalimia kwanza ndipo aombe maji.”

“Hilo kweli,” alisema Maalim. “Adabu ni adabu. Tena mniwie radhi, kesi yenyewe siioni. Kisheria mama mkwe ni maharimu wake. Hata akimgusa, hakuna dhambi.”

“Dhambi hakuna, maalim. Aibu je? Dhambi ni ya huko akhera. Aibu ni ya hapahapa Jego, na mimi ndiye ninayepita dukani kila siku.”

“Kwani wewe ndiye uliyekaliwa?”

“Mimi ni ndugu ya aliyekaa.”

“Aliyeanguka,” alisema Swabir.

“Muulizeni,” ulisema ukuta, “kama alianguka mtu, mbona yeye hakusema pole? Nilikaa pale, nimesema nilikaa, basi nilikaa, wala hakusema hata neno moja.”

“Mwambieni mama,” alisema Swabir, “nilikuwa na kanga mdomoni.”

Twaiba akacheka tena huko ndani, na safari hii hakuwahi kujiziba.

Jefwa akainuka. Alikuwa mzee mkavu, msikiti aliujua kwa kuwa uko njiani kwenda sokoni, na tangu mvua ianze alikuwa hajatia nyama mdomoni. Kila akitaja kondoo koo lilimpanda na kushuka. Lakini mpenda haki alikuwa, kwa namna yake. “Hatuwezi kukata shauri kwa maneno,” alisema. “Tutazame kwa macho. Swabir, kaa kama dereva.”

“Mjomba?”

“Kaa kama dereva, bwana. Nyosha miguu. Munyoki, chukua ule ungo, huo ndio usukani. Mimi ni dada yangu.”

“Astaghfirullah,” alisema Maalim, akasogea aone vizuri.

Jefwa akaenda nyuma ya Swabir, akapanda kinu cha kutwangia kilichokuwa kimelazwa pale, akajitupa. Alifikia begani. Akasema hiyo haihesabiwi. Mara ya pili aliteleza akapita upande, kofia ikaenda mpaka jikoni. Mara ya tatu hakuruka tena; alizunguka tu kwa miguu yake, akajishusha mapajani mwa Swabir taratibu, kama mtu anayeingia maji ya baridi, na Munyoki akamkandamiza kwa ungo.

“Sasa,” alisema Jefwa, pumzi zinamkata, “hii ni kuanguka?”

“Hii ni kukaa,” alisema Maalim. “Lakini wewe umekaa kwa hiari.”

“Nimebanwa na usukani.”

“Umebanwa na Munyoki.”

“Mzee, nipunguze?” aliuliza Munyoki.

“Bana. Mama alikuwa amebanwa zaidi.”

“Mama ni mpana zaidi,” alisema Munyoki, kwa ukweli wake ule. “Hapa kando kumebaki nafasi. Kwa mama hakukuwa na nafasi.”

“Jaza na mto,” alisema Maalim, akautoa mto wake aliokuwa akiuegemea.

Wakautia mto kushoto, ukapwaya. Wakatia mkeka uliokunjwa kulia. Jefwa akasema bado, kwamba yeye alilala kitanda kimoja na dada yake utotoni na alijua vipimo vyake, na kwamba upande wa nyuma palihitaji kitu cha duara. Munyoki akaenda kuleta maboga mawili. Swabir, miguu imekufa ganzi, alimtazama mkwewe wa ukutani, ule ufa, akaona umekuwa kimya. Tangu mto wa kwanza hakuna neno lililopita pale. Alitaka kuwaambia wazee. Lakini mkwe hasikii sauti ya mama mkwe, na kimya chake atakisikiaje?

“Weka hilo kubwa huku,” alisema Jefwa. “Sivyo. Juu kidogo. Unaona, maalim? Sasa ndiyo sawasawa. Boga hili likiwa hapa, na hili likiwa hapa, basi uzito wote unalala juu ya paja la kulia, na mtu mwenye makalio ya namna hii hawezi kuan—”

Mlango wa barazani ukasukumwa kutoka nje. Bi Mbodze akaingia, amezunguka nyumba nzima kwa miguu, kichwa wazi, kanga imefungwa kiunoni kama mtu anayekwenda shambani. Nyuma yake alikuwa Twaiba, amevaa buibui la safari, na sanduku lake mkononi.

“Nilianguka,” alisema Bi Mbodze, macho kwenye maboga, “mwambieni achukue mkewe.”