Kifuniko cha Birika Kilichoazimwa

Mama alishona vifuniko vya birika kwa sababu ya cheti. Katika miaka ya mwisho ya utawala wa Wabelgiji, Mwafrika aliyetaka kuhesabiwa miongoni mwa waliostaarabika alikaguliwa nyumbani: maofisa waliingia, wakatazama choo, vitanda, uma, na namna mke alivyoandaa chai. Baba, karani wa serikali hapa Butembo, alikitaka cheti hicho. Basi mama, aliyejifunza kutarizi misheni, alishona miezi miwili: vitambaa vya sinia, leso za vikombe, na kifuniko cheupe kilichojazwa pamba ili birika lisipoe, chenye mawaridi mekundu. Maofisa walikunywa, wakasifu. Cheti kilifika, uhuru ukakifuata upesi, nacho kikawa karatasi tu.

Vitambaa vilidumu. Mtaani kwetu Mususa desturi ikajengeka: wakwe wakija kuposa, mama wa binti huja kwetu kuazima. Na kilichoazimwa kwa ajili ya wakwe hakidaiwi mpaka wageni waondoke. Kukidai mapema ni kumvua mwenye nyumba nguo mbele yao.

Habari zilipofika asubuhi moja kwamba waasi wanakaribia, na kwamba wanawatafuta makarani na wote walioishi Kizungu, baba alichoma karatasi zake zote. Mama akavifukia vitambaa shambani. Kilibaki kifuniko, ambacho kilikuwa kwa jirani, mke wa muuza maharagwe, aliyengojea wakwe siku ile ile. Nilikuwa binti wa miaka kumi na miwili; mama akanituma nikakidai.

Jirani alicheka. "Batoto ba karani, munaogopa mpaka kofia ya birika? Bakwe bako mu njia. Ambia mama yako nitaleta kesho, na nitaifua."

"Mama anasema leo."

"Leo niweke nini juu ya birika? Kikapu?"

Nilirudi mikono mitupu. Baba akasimama, akasema ataenda mwenyewe. Mama akamshika mkono. "Hapana, baba. Utamupatisha haya mbele ya bakwe. Kesho iko karibu." Baba akaketi.

Waasi waliingia mtaani alasiri, chai ikiwa mezani kwa jirani. Yaliyotokea humo alinisimulia binti aliyekuwa akiposwa. Mkuu wao alikiinua kifuniko kwa ncha ya mkuki.

"Hii chai ya Bazungu. Karani ni nani hapa?"

Muuza maharagwe alikuwa amekwisha kupigishwa magoti. "Hapana sisi!" mkewe alilia. "Tuliazima tu. Ni ya nyumba ile ya bati."

Walimkuta baba kwenye kiti kile kile alichokikalia mama alipomzuia. Hatukupewa hata mwili.

Simlaumu jirani, alikuwa na mume wa kuokoa, na alisema kweli. Ninayemlaumu ni mama, na nimemlaumu miaka mingi kimya, nikimpikia, nikimfulia. Alikuwa na saa nne nzima. Nyumba ile ilikuwa hatua arobaini kutoka mlangoni petu; nimezipima. Mara moja tu, alipokuwa mzee, nilimuuliza kwa nini hakumwacha baba aende. Hakukasirika. Alinyoosha kunjo za kitenge chake magotini, akanitazama kama mtu aliyeulizwa jambo lililo wazi.

"Mwanangu," akasema, "batu bangesema nini juu yetu?"