Haidrenja ya Matroni

Mwandiko wangu unalala upande, na maneno mengine nimeyaandika kama ninavyoyasikia. Mnivumilie, niliishia darasa la nane na huandika polepole.

Siku yangu ya kwanza kazini, katika bustani ya zahanati moja Homa Bay, Matroni alinikabidhi kijiti kilichopandwa kwenye mkebe wa rangi.

"Hii ni haidrenja, mti wa maua," akasema. "Nimeitoa kwetu Ntimaru, kwenye baridi. Hapa jua litaitaka. Wewe ukatae."

Alinifundisha kuweka matandazo, yaani nyasi kavu za kuzuia udongo usikauke, na kumwagilia asubuhi kwa maji ya mvua, kwa sababu maji ya kisima yana chumvi. Mpishi, Mama Akinyi, alileta kutoka kwao Sori wavu mkuukuu wa kuvulia omena, wale dagaa wa ziwani, tufunge kivuli.

"Ulivua omena, sasa uvue jua," aliuambia wavu. "Na wewe Odhis, utaoa lini, ama umeoa hii?"

Niliendelea kufunga wavu.

Mwaka wa kwanza haikuchanua. Matroni alieleza kuwa maua yake hutoka kwenye matawi ya mwaka uliopita; ukiyapogoa, umekata maua ambayo hayajazaliwa. Kisha akastaafu, akarudi Ntimaru, akaahidi kuja kuiona ikichanua.

Mwaka wa pili ilitoa vitumba. Wiki hiyo msimamizi mpya alitarajia wageni, akaagiza vichaka vyote vikatwe vilingane. Mimi ambaye sikuwahi kumjibu mkubwa nilimfuata ofisini, nikamweleza habari ya vitumba.

"Unaita hayo maua? Mimi naona majani," akasema, akampa kibarua mwingine mkasi.

Matroni alikuja Jumapili, bado na nguo za misa. Alichutama, akashika visiki kimoja kimoja.

"Ulimwambia?"

"Nilimwambia, Mama."

"Basi. Nilitaka tu kujua udongo wenu ungeipa rangi gani. Kwetu hutoka buluu. Kwingine, waridi."

Hakuishi kuona mvua zilizofuata. Mkataba wangu nao haukuongezwa. Siku hizi nauza miche kando ya barabara Migori, na mteja akitaka haidrenja namwambia sina. Bustani ya mtu mwingine unaipenda bure. Neno la mwisho si lako.

Lakini mizizi ilibaki. Wewe unayetibiwa pale zahanati, pita nyuma ya jiko, kisha uniandikie imetoka rangi gani. Neno moja linatosha. Nitawapelekea watoto wa Matroni kule Ntimaru.