Mistari Miwili Juu ya Filamu ya Mwikali

Siku ninayoikumbuka kuliko zote za ujana wangu ni Jumamosi moja ya jua kali pale Kayole, nimeshika kipande cha chaki na kujiona mtu mkubwa. Mwanangu, nilikuwa na miaka ishirini na miwili. Sikuwa na shamba, sikuwa na mke, na kitanda nilicholalia kilikuwa cha kaka yangu. Lakini nilikuwa na ubao.

Ngoja nikueleze habari za ubao huo, maana nyinyi mmezaliwa mkaikuta sinema mfukoni. Sisi tulitazama filamu katika ukumbi wa mabati wenye mabenchi ya mbao, televisheni moja iliyowekwa juu ili hata wa nyuma aone, na mashine ya kaseti ambayo hakuna aliyeruhusiwa kuigusa ila mimi na mwenye ukumbi. Huyo mwenye ukumbi hakupenda filamu hata kidogo. Alipenda kuona mabenchi yamejaa. Akanipa kazi ya kuandika nje, kila asubuhi, majina ya filamu za siku hiyo na mistari miwili juu ya kila moja, ili mpita njia ajue kama aingie au aende zake. Mistari miwili, basi. Ubao haukuwa na nafasi ya zaidi.

Na kipaji nilikuwa nacho, sitajifanya mnyenyekevu uzeeni. Filamu ya karate niliiandikia: "Mzee anapigana na watu arobaini na kofia haimtoki. Ingia uione kofia." Ya Kihindi ya saa tatu nikasema: "Ndugu wawili walipotezana sokoni wakiwa wadogo. Wewe utawatambua mapema, mama yao mwishoni, beba leso." Ya Kinigeria: "Sehemu ya kwanza mganga anaonywa, ya pili haonyeki. Ya tatu haijafika, na hatuna haraka." Ile ya wachunga ng'ombe wenye bastola niliimaliza kwa maneno machache: "Farasi ndiye aliyeigiza."

Watu walisimama kusoma wakielekea kazini. Wengine hawakuwa na haja na filamu yenyewe, walikuja kucheka tu. Vijana wa barabara ya Spine Road walinipita wakiniuliza, "Niaje Prof, leo umechinja gani?" Wahenga walisema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Mimi sikulitia kwa kikombe, nililitia kwa ndoo.

Mwanzoni nilitazama kila filamu mpaka mwisho. Baada ya miezi michache nikaona nusu inatosha. Kisha nikazoeana na kile kitufe cha kupeleka kaseti mbele, nikawa natazama dakika kumi za kwanza, halafu naikimbiza nikiangalia kama kuna anayefukuzwa, anayepigwa risasi au anayeoa. Filamu nne zilikwisha kabla ya chai ya saa nne. Na ubaya wenyewe, mwanangu, ni kwamba sikuwa nakosea. Nyingi za filamu zile ukishaona mwanzo umeona na mwisho. Uvivu ukikupa jibu sahihi mara tisa, ya kumi huioni ikija.

Ya kumi ilikuwa filamu ya Mwikali.

Mwikali alikuwa jirani yetu, binti wa Kikamba wa maneno machache, kazi yake kupiga video za harusi na ubatizo. Mwaka mzima, kila Jumapili baada ya kanisa, alichukua kamera ile ile ya harusi akatengeneza filamu yake mwenyewe, waigizaji wakiwa majirani. Aliiita Kamba ya Nguo. Ilimhusu mwanamke mzee anayewafulia watu nguo katika nyumba za ghorofa, na mzee huyo aliigizwa na mama yake mzazi, Mama Mwikali, mwenye kibanda cha mboga pale kwenye kona yetu. Alikuwa mama mnene, mcheshi, asiyejua kunong'ona. Wiki ya kuonyeshwa kwake kila aliyenunua sukuma wiki kwake alifungiwa pamoja na mwaliko: "Jumamosi saa nane uje ukumbini unione nikifa." Alisema hivyo kwa furaha kama anaozesha.

Mwenye ukumbi alikuwa ametoa sharti. Filamu ingeonyeshwa Jumamosi. Mabenchi yakijaa, angeionyesha mwezi mzima na kumpeleka Mwikali kwa wenye kumbi wenzake wa Dandora na Umoja. Yasipojaa, achukue kaseti yake na asilete nyingine. Sharti hilo nililisikia likitolewa, nilikuwa nimesimama hapo hapo.

Asubuhi hiyo nikaiweka kaseti. Mwanamke anaanika nguo. Anaanika shuka, anaanika soksi, anatoa nyingine kwenye beseni, anaanika. Hakuna muziki, ila maneno yake na nguo, nami siyasikilizi. Dakika kumi hivi. Nikabonyeza kitufe changu nikaikimbiza: nguo, ngazi, nguo, mlango, nguo. Nikazima nikatoka nje na chaki yangu, nikaandika: "Nguo zinaanikwa, nguo zinakauka. Hakuna anayekufa ila mtazamaji, kwa usingizi."

Lo, walivyocheka. Kondakta mmoja alilibeba neno hilo mpaka soko la Muthurwa, mjini, na kabla ya saa sita lilikuwa limerudi Kayole kutoka upande mwingine. Nilijisikia nimeandika bora kuliko siku zote. Saa nane ilipokaribia, wateja wa Mama Mwikali walianza kuja, wengi kweli, baadhi na watoto waliovishwa vizuri. Walifika ubaoni, wakasoma, wakatazamana, wakacheka, wakageuka. Niliwaona kwa macho yangu. Nilikuwa na kitambaa cha kufutia mkononi na sikufuta.

Ndani waliketi wanne. Mwikali, mama yake aliyevaa gauni la kanisani, mwanamke mmoja asiyejua kusoma, na mlinzi aliyetoka zamu, ambaye aliingia kwa sababu ubao ulimhakikishia usingizi.

Ilipokwisha, Mama Mwikali alitoka akasimama mbele ya ubao. Hakupaza sauti, na kwa mtu wa sauti kama yake hilo lilinitisha kuliko kelele.

"Karanja, uliitazama?"

"Niliitazama, mama."

"Nilifia wapi?"

Nikakunja kitambaa changu cha kufutia. Akaniambia amekufa pale ndani sasa hivi, kwenye ngazi, beseni mkononi, na kwamba Mwikali alimfanya arudie mara saba, akilala juu ya saruji baridi na maumivu yake ya mgongo, mpaka kifo kikakubali. Kisha akasema maneno ambayo nimeyabeba mpaka leo.

"Mimi nikienda Muthurwa, muuzaji ananionyesha kreti la nyanya. Za juu zinang'aa, au za juu zimepondeka. Sisemi nzuri, sisemi mbaya. Namwambia, mwaga. Akishamwaga ndiyo tunaongea. Wewe, kijana wangu, hukumwaga. Ulipanda juu ya kreti la mtoto wangu ukaliambia soko zima kwamba nyanya zimeoza."

Mwikali alikuwa amesimama nyuma yake, kaseti ameikumbatia. Wakaenda.

Ningekuomba uniamini kwamba nilimfuata siku hiyo hiyo. Sikumfuata. Kiburi cha kijana ni ugonjwa, na mimi niliugua wiki mbili nzima. Nilijiambia filamu ilikuwa mbaya hata hivyo, kifo kimoja kwenye ngazi hakiwezi kuiokoa. Mwishowe nilishindwa kupita pale kibandani. Nilikuwa nikizunguka mtaa mzima kununua kitunguu. Nikamwendea Mwikali nikamwomba kaseti niitazame vizuri. Alinitazama kidogo, akaitoa kwenye boksi la kaseti zake za harusi, akanipa.

Niliiweka asubuhi, ukumbi mtupu, nikakaa mbali na kitufe kwa makusudi. Mwanamke akaanza kuanika. Na safari hii, kwa kuwa sikuwa na pa kukimbilia, nikaona. Kila nguo aliyoitoa kwenye beseni aliiamkia kwa jina la mwenyewe. Shati la mlinzi aliliuliza kama limelala. Sare ya shule aliigombeza kwa wino mfukoni. Nyumba ile yote ya ghorofa ilikuwa pale kambani, na hakuna mpangaji hata mmoja aliyeonekana. Mwisho kabisa akatoa shati jeupe la mwanamume, akalikunguta, asiliite jina. Akalianika peke yake, mbali na mengine, akalishika mkono kama unavyomshika mtu.

Nikasogea mbele kwenye benchi. Picha ikatikisika. Mara bwana na bibi harusi wakatokea wakikata keki.

Nilidhani ni sehemu ya filamu. Nikangoja. Wazee wakalishwa keki, wakacheza, mchungaji akaomba. Ilikuwa harusi ya watu. Ikaenda hivyo mpaka kaseti ikafika mwisho. Mwikali alikuwa amerekodi harusi juu ya filamu yake, na kwa sababu hakuirudisha kaseti mpaka mwanzo kabisa, zilibaki dakika kumi na moja. Hakukuwa na nakala nyingine.

Nilikimbia kwake. Nilimkuta akikunja nyaya za kamera, na kwa mara ya kwanza nikamwomba msamaha. Hakunifukuza. Aliniambia, "Ungeitazama ukaichukia, ningekasirika wiki moja, kisha ningetengeneza nyingine. Lakini hukuitazama, na watu wote wakakuamini. Nikaona sina wa kumtengenezea."

Nikamuuliza lile shati jeupe lilikuwa la nani.

"Jibu lilikuwa ndani ya filamu," akasema, akaendelea kukunja nyaya.

Nilirudi ubaoni nikafuta kila kitu nikaandika: "Kamba ya Nguo sikuitazama. Niliwadanganya. Ni mimi Karanja." Watu wakasoma wakacheka. Walidhani ni utani wangu mpya. Maji yakimwagika hayazoleki, mwanangu, nami nilibaki nimesimama na chaki mkononi kama aliyemwaga.

Miaka mingi baadaye Mama Mwikali aliitwa na Mungu wake. Tulikusanyika mchana kwao kufariji. Mwikali alikuwa amepiga video za watu wote wa Kayole, na za mama yake alikuwa na kipande kimoja tu. Akakiweka. Tukamwona mama akianika nguo, akiziamkia, na nyumba nzima ikawa inalia na kucheka. Akalichukua shati jeupe, akalishika mkono. Hapo Mwikali akazima, kwa kuwa baada ya hapo ni keki ya watu. Bibi mmoja wa makamo, aliyekuwa mteja wa mboga miaka yote hiyo, akageuka akauliza, "Halafu? Inaendeleaje?" Chumba kizima kikamngoja Mwikali ajibu. Mwikali akanitazama mimi.

Sijapata kuona aibu kama ile, na sitaki uipate.

Kwa hiyo sikiliza, nami nitasema bila kuzungusha. Najua unaandika maoni ya filamu kwenye simu, mafupi, makali, na watu wanacheka. Andika. Sikukatazi ufupi wala ukali. Hata leo vijana wakionyesha filamu zao pale ukumbi wa jamii huniita niseme, nami husema. Mwezi uliopita nilimwambia mmoja: "Nusu saa ya kwanza inachosha, ya mwisho inalipa, mtoe huyo mpiga gitaa." Mwingine nikamwambia filamu yake ya majambazi ina risasi nyingi na sababu chache. Alinuna, lakini alijua niliketi mpaka jina la mwisho la waigizaji likapita. Hilo ndilo deni lako kwa aliyehangaika kutengeneza kitu: ukae mpaka mwisho. Maneno mawili yaliyokamuliwa kutoka filamu nzima yana haki ya kuuma. Yaliyokamuliwa kutoka dakika kumi ni uongo, hata yakiwa matamu. Ukishindwa kumaliza, sema umeshindwa, na utaje ulipoishia. Na usiandike juu ya mtu neno ambalo huwezi kumsomea yeye mwenyewe, mama yake akiwa amesimama kando.

Mimi tangu siku ile ya keki sijakigusa kitufe cha kupeleka mbele. Mke wangu hunilaumu, wajukuu hunicheka, filamu nyingine ni za kuadhibu kabisa. Nakaa. Nitakaa mpaka macho yanishinde.

Nenda basi, mwanangu, na Mwenyezi Mungu akupe subira ya kuketi na ujasiri wa kusema. Awaweke watu kwenye mabenchi ya kila utakachokitengeneza kwa mikono yako. Na siku utakapoulizwa "Halafu?", uwe na jibu.