Darubini Yangu na Kibisi wa Lamboni

Mvua za kwanza zikishanyesha, lambo la kijiji chetu, upande wa Didia, hujaa mabata, nami huenda na darubini yangu. Wakubwa wamepaita bustani ya mapumziko. Waliweka benchi moja la saruji na kibao cha kukataza ng'ombe, na ng'ombe wakapata pa kujikunia.

Mwaka ule sikuwa na habari na mabata. Kibisi, ndege mdogo anayezama ukikohoa tu, alikuwa ametaga kwenye kiota kinachoelea kati ya matete, karibu na tuta linalozuia maji. Vifaranga wa kibisi hupanda mgongoni kwa mama yao wakatembezwa majini. Sikuwahi kuona, na jamani, nilitamani!

Sasa huku kwetu mtu mzima hakodolei macho sehemu moja bure. Jirani yangu, mchimbaji wa dhahabu aliyehangaika kuanzia Buzwagi hadi Geita akarudi na kikohozi, alinisogelea.

"Shikamoo mzee. Unaona nini?"

"Marahaba. Ndege."

Akacheka. "Ndege. Sawa, mzee wangu."

Kosa langu lilikuwa kusema kweli. Aliyeiona dhahabu hukana, kila mchimbaji anajua hilo, kwa hiyo kadiri nilivyoapa ni ndege ndivyo yeye na wachimbaji wenzake walivyozidi kuamini nimeona dhahabu. Lo! Kesho yake wakaja na sururu, maturubai, mama ntilie, na mganga wa kuchinja kuku mweupe. Wakachimba palepale nilipokuwa natazama, kwenye tuta. Nilipiga kelele mpaka sauti ikakauka.

"Anatufukuza," wakaambiana. "Basi ipo nyingi."

Tuta likapasuka. Maji yote ya kunywesha ng'ombe yakaenda zake, na ng'ombe wa jirani yangu mwenyewe wakiwa wamesimama wanayaangalia. Kiota kikakaa kwenye tope. Kibisi alikuwa ameyafunika mayai kwa majani, kama afanyavyo kila akitoka, ila safari hii hakurudi.

Jirani akafunua yale majani. "Kumbe kweli ni ndege! Si ungesema, mzee?"

Machozi yalinilenga, mtu mzima na mvi zangu. Niliumia.

Akajifuta tope, akaninong'oneza: "Na kesho utaangalia wapi?"

Nikainua darubini, nikaielekeza uani kwake, nikatulia nayo mpaka wenzake wakaanza kuokota sururu zao.