Majivu ya Mstari wa Mwisho

Jana mjukuu wangu alimwagia maji majivu ya jikoni yaliyokuwa bado na moto. Harufu ilipopanda niliacha kupepeta mchele, nikatoka nje.

Nilipokuwa mtoto, siku ya michezo kila mwanafunzi alikwenda shuleni na kopo la majivu kutoka kwao, ya kuchorea mistari ya uwanja. Asubuhi ile nilikuwa nachota yetu jikoni, kaka akaninong'oneza kwamba ana homa.

"Usimwambie mayu. Atanizuia kukimbia."

Sikumwambia mama.

Kwanza tulicheza mpira na watoto wa shule ya mgodini. Wao walivaa viatu, sisi tulikuwa pekupeku. Walitufunga kumi na moja bila. Sikujua kama mabao yanaweza kufika huko. Wazee wetu wakaanza kuondoka na baiskeli zao. Ndipo kaka akakimbia mita mia. Aliwaacha wa mgodini mbali mno, hata mwalimu wao akaitikisa saa yake.

"Hakuna mtoto anayekimbia hivi," alisema. "Saa imekosea. Arudie."

Kaka alinitazama mimi. Ningeweza kusema. Lakini wazee walikuwa wamerudi, uwanja mzima ukipiga makofi, nami nikapaza sauti kuliko wote: "Rudia!"

Alirudia. Saa ilitoa muda uleule. Alianguka kifudifudi kwenye mstari wa mwisho, hakuinuka tena.

Jioni mama alipokuwa anamwosha, alikuta majivu yamejaa mdomoni. Akaniuliza yametoka wapi.

Nikamjibu kwamba ni ya shuleni.