Siku Mazuti Yaliponivua Suti Mbele ya Mama Mkwe

Msicheke kwanza. Nawasimulia mwenyewe, kwa mdomo wangu, kwa sababu kule Kabambare wapo wanaokitia chumvi kisa hiki, na hakihitaji chumvi, aibu yangu ilikolea yenyewe.

Wakati ule wa Wabelgiji nilikuwa shofere wa kamiyo ya mfanyabiashara mmoja wa Kasongo, lori linalotumia mazuti, yaani dizeli, na nilijiona kweli kweli (enzi zile hata karani alimwamkia shofere kwanza). Tajiri wangu alikuwa na sheria moja: popote utakapolala, jioni jaza tangi mpaka shingoni, na asubuhi kabla ya kuwasha, ingia chini, legeza skrubu ya chini ya tangi, toa maji. Maana tangi likilala nusu, hewa ya ndani inapoa usiku na kutoa jasho kama kifuniko cha sufuria, matone yanazama chini ya mazuti, chuma kinaota kutu, na maji na kutu vikifika kwenye mashine, umekwisha. Nilijua yote hayo! Nilikuwa nikiwafundisha wenzangu!

Basi Ijumaa moja ya majira ya mvua nikafika Kabambare kumchukua mchumba wangu, Feza, pamoja na watu wake, ili kesho yake tufunge ndoa misheni ya Kasongo. Tangi lilikuwa chini ya nusu, pipa la mazuti lipo nyuma, pampu ya mkono ipo, lakini mimi nilikuwa nimeshavaa suti yangu mpya, nyeupe pe, niende kuwasalimu wakwe, na mazuti yakikugusa mkono unanuka siku tatu. Nikasema, ah, usiku mmoja tu! Usiku huo ikanyesha, baridi ikashuka, nami nikalala usingizi mtamu.

Asubuhi watu wamejaa kwenye gari, vigelegele, ngoma, na mimi ndani ya suti yangu. Niingie chini ya gari kulegeza skrubu? Nani, mimi? Nikawasha, likawaka, nikapiga honi kijiji kizima kikatoka! Mbele nilikaa na Mjomba Kalume, kaka wa mama mkwe. Mama mkwe mwenyewe alikaa nyuma na Feza chini ya turubai, maana kwetu mkwe na mama mkwe hawatazamani usoni wala hawasemezani, na kumwona mkwe bila nguo ni mwiko unaoweza kuvunja ndoa.

Tulipopita kijiji cha Wamaza, tukipanda mlima, gari likakohoa. Likakohoa tena, likazima.

"Shofere, gari iko na nini?" Mjomba akauliza.

"Iko na maji kidogo mu tangi, Mujomba."

"Maji? Nani alitia maji mu mazuti?"

Padri alikuwa anaondoka kesho yake kuzungukia vijiji vya mbali, tukimkosa leo tungengoja mpaka mvua ziishe, na mjomba huyu hakuwa mtu wa kungoja (kulikuwa na mwalimu mmoja aliyemtaka Feza pia, naye mjomba alimsifu njia nzima). Nikawashusha watu wote, wakaenda kukaa kivulini kando ya barabara. Breki ya mkono ilikuwa dhaifu, nikatafuta jiwe la kuzuia gurudumu. Jiwe kubwa lilikuwa na tope, nikachukua dogo, safi. Nguo zangu za kazi zilikuwa chini ya mizigo ya mama mkwe, na mizigo ya mama mkwe haipekuliwi, basi nikazunguka upande usioonekana, nikavua suti, nikaitundika vizuri ndani ya kamiyo, nikaingia chini kwa chupi tu. Nani angeniona? Gari lenyewe limenifunika!

Nikalala chali, nikalegeza skrubu. Maji yakatoka, mekundu kwa kutu, yakanijaa usoni, nami nafurahi, nasema tumepona! Ndipo nikasikia lile jiwe dogo chini ya gurudumu linasema *ta!*

Gari likaanza kurudi nyuma. Polepole, bila haraka, likanipita juu, mimi katikati ya magurudumu, nimebana pumzi, mpaka nikaona mawingu. Wanawake wakapiga yowe, mama mkwe akageuka kutazama gari, na gari halipo, nipo mimi, chali katikati ya barabara, na chupi, na mazuti.

Mngefanya nini? Suti yangu inakwenda na gari! Nikasimama nikalikimbiza, nikipita mbele yao wote, mpaka likaingia kwenye tuta la udongo laini likatulia zima.

Niliporudi nimejifunga turubai (suti ningeivaaje na mazuti mwilini?), Mjomba amesimama. "Leo ndoa haiko! Dada yangu ameona muiko!"

Nilitaka kulia, nasema kweli. Mama mkwe alikuwa amenipa mgongo, khanga kichwani. Akamwambia kaka yake, kwa sauti ya kunifikia: "Umuulize ule mutu, sababu gani hakujaza tangi jana?"

"Niliogopa kunuka, Mama," nikasema, nikasahau kwamba sisemi naye.

Mama mkwe akamwambia tena kaka yake: "Kosa iko ya ile suti. Akupe wewe ile suti iwe faini, muiko uishe. Na aende kwa padri na nguo ya kazi. Binti yangu anaolewa na shofere, haolewi na nguo."

Mjomba akaivaa papo hapo, na ilimkaa kuliko mimi! Nikavaa kaptula yangu ya grisi, nikakaza skrubu, nikajaza mazuti, nikatoa hewa iliyoingia kwenye mashine, tukafika misheni jua linaanza kushuka. Padri akatoka, akaenda moja kwa moja kwa Mjomba, akamshika mkono, akampongeza kwa kuoa. Kanisa zima likaangua kicheko, nami natafuta shimo la kuingia.

Feza akanishika mkono wangu mweusi kwa nguvu. "Hapana, Padri. Ule ni mujomba. Bwana yangu ni huyu anayenuka."

Tangu siku hiyo sijalaza tangi nusu, hata usiku mmoja, hata nikiwa na homa. Najaza mpaka shingoni, ndipo naenda kusalimu watu, na anayechukizwa na harufu yangu asogee upande wa upepo.